Ndege Haisomi Barua ya Mtendaji



Leo nataka tuongee jambo ambalo vijiweni tunaliongea kwa kunong'ona kama vile ni kosa la jinai: nani anaruhusiwa kuwa rubani wa jeshi katika nchi hii, na masharti ya kumruhusu yamewekwa kwa ajili ya nini.

Najua wapo watakaosema, "Kamanda, mambo ya jeshi achana nayo, utapotea." Tulieni. Sitaki siri za jeshi. Sitaki kujua tuna ndege ngapi, zinalala wapi, zinabeba nini. Nataka kujua masharti ya mlangoni tu. Siri za vita zipo ndani. Mlango upo barabarani, na kila raia ana haki ya kuusoma.

Naweka msimamo wangu mapema ili asije mtu kunilisha maneno. Kila sharti la kumchagua rubani lazima liwe na kazi ndani ya chumba cha rubani. Linahusu macho? Sawa. Moyo, masikio, urefu wa mkono, hesabu, fizikia, utulivu wa akili? Sawa kabisa, na mkitaka liongezeni ukali. Lakini sharti ambalo kazi yake ni kupunguza foleni, au kumpa bwana mkubwa fulani rungu la kuamua mtoto wa nani apite, hilo halimlindi mtu yeyote. Linatunyima marubani wazuri na linawanyima watoto wa walalahoi haki yao.

Sasa mtauliza, mimi mtu wa Kariakoo, marubani wananihusu nini?

Wananihusu sana. Ndege zinazotua Uwanja wa Julius Nyerere kutokea upande wa mjini zinapita juu ya vichwa vyetu. Ukiwa Mtaa wa Kongo saa sita mchana, umebeba mzigo wa mteja begani, unaiona tumbo. Dogo yeyote aliyekulia Kariakoo, Gerezani, Ilala au Buguruni amewahi kusimama barabarani akaipungia mkono. Na hapa kwetu vijana wengi wanajiita mawinga. Winga ni yule anayemdaka mteja Msimbazi, anampeleka dukani kwa mtu, anakula cha juu. Maelfu ya mawinga, jamani, na hakuna hata mmoja mwenye mabawa. Tunacheka, lakini utani huu una uchungu ndani yake.

Halafu kuna jina lenyewe. Kariakoo ni neno la jeshi. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokuwa na kambi yao hapa. Wapagazi hao walibeba risasi, unga na majeruhi, wakatembea porini bila viatu, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kubeba walikuwa na sifa. Kuamuru hawakuwa na sifa. Hakuna aliyewapima akaona hawawezi. Sharti lilikuwa rangi, basi. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo akiuliza masharti ya jeshi, asiambiwe anaingilia yasiyomhusu. Mtaa mzima umepewa jina na watu walioonewa na masharti ya jeshi.

Tuje kwenye masharti ya leo.

Tangazo la JWTZ la kuandikisha vijana la mwaka 2025 lilisambaa kwenye simu zetu zote, kwa hiyo sitoi siri. Uwe raia wa Tanzania. Uwe na kitambulisho cha Taifa. Uwe na afya njema na akili timamu. Uwe na tabia njema, usiwe na hatia mahakamani. Uwe na vyeti vyako vya shule na cha kuzaliwa. Umri usizidi kiwango. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Halafu linakuja sharti moja linalokata shingo za wengi: uwe umehitimu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa na uwe na cheti chake.

Hapo ndipo naomba tukae chini tupige hesabu pamoja.

Cheti cha JKT unakipataje? Njia ziko mbili. Ya kwanza ni mujibu wa sheria. Hii ni ya waliomaliza kidato cha sita. Majina yanatangazwa, unaripoti Ruvu, Mafinga, Msange, Bulombora au popote ulipopangiwa. Mpango huu ulisimama mwaka 1994 ukarudishwa 2013. Na hata baada ya kurudi, kwa miaka kadhaa waliomaliza kidato cha sita hawakuitwa wote kwa sababu makambi hayakutosha. Fikiria hilo: umefaulu, hukuitwa, na kosa si lako. Lakini cheti huna.

Njia ya pili ni kujitolea. Hii ndiyo ya aliyeishia kidato cha nne, au aliyetoka kidato cha nne akaenda moja kwa moja chuo cha ufundi. Nafasi zinatangazwa, lakini kuomba na kuchaguliwa kunaratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya. Nafasi chache, vijana wengi. Na matangazo ya JKT yenyewe huwa yanatukumbusha kwamba JKT haitoi ajira wala haihusiki kuwatafutia vijana ajira baada ya mafunzo.

Umeona mchezo? JKT inasema, "Kwetu hakuna ajira." Jeshi linasema, "Bila JKT hakuna ajira." Kijana amesimama katikati kama mpira wa danadana.

Wala si nadharia. Mwaka 2021 vijana zaidi ya 800 wa JKT waliondolewa makambini baada ya kugoma wakidai ajira waliyoamini wameahidiwa. Mwaka uliofuata wakasamehewa. Sisifii kugoma ukiwa umevaa sare, nidhamu ni nidhamu. Ila nauliza: vijana zaidi ya 800 wanafikaje mahali pa kuamini kwamba JKT ni daraja la kwenda kwenye ajira? Wanafika kwa sababu masharti ya ajira yenyewe yamelifanya kuwa daraja, halafu mwenye daraja anakana kwamba linaelekea popote.

Nina dogo mmoja pale Mtaa wa Aggrey anatengeneza simu. Jina lake naliacha, tumwite Fundi. Kidato cha nne alifaulu hesabu na fizikia vizuri tu, lakini nyumbani hali ilikuwa ngumu, akaona kidato cha tano na cha sita ni safari ndefu. Akasoma stashahada ya elektroniki. Leo unampa simu iliyozama baharini, anaifungua, anaisoma kwa darubini ndogo kama daktari, jioni inaita. Mkono wake hautetemeki. Macho yake yanaona uzi mwembamba kuliko unywele. Ndoto yake toka utotoni ni ndege. Na kwa kuwa hakupita kidato cha sita, mujibu wa sheria haujawahi kumhusu. Kujitolea ameomba mara mbili, jina halikurudi. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Hakufeli macho wala hesabu. Hajawahi hata kupimwa.

Hilo ndilo linaloniuma. Angepimwa akashindwa, ningempa pole, tungekunywa kahawa yetu tukaendelea na maisha. Jeshi lina haki ya kukataa mtu. Ila jeshi linalokataa watu kabla ya kuwapima halijui limekataa nini.

Haya, tuseme Fundi angekipata cheti. Tangazo lile la 2025 lilitaka maombi yaandikwe kwa mkono na kupelekwa Makao Makuu ya Jeshi, Msalato, Dodoma, kuanzia tarehe 1 hadi 14 Mei. Wiki mbili. Nauli ya SGR daraja la kawaida kutoka Dar hadi Dodoma ni shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000, hujala, hujalala, hujapanda bodaboda. Huyo ni mtu wa Dar mwenye treni. Mtoto wa Kigoma, wa Newala, wa Ukerewe je? Serikali hii hii inatutaka tulipe kodi kwa simu, tuombe ajira za utumishi kwa mtandao, tuombe mkopo wa chuo kwa mtandao. Likija suala la jeshi, karatasi na kalamu, panda gari. Nauli si kipimo cha rubani. Hewani haikusaidii chochote kwamba baba yako alikuwa na 62,000 ya akiba.

Sasa twende kwenye barua.

Kwetu mtaani kila safari ya serikali inaanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Fomu ya NIDA inataka muhuri wa pale. Ukitaka kujitolea JKT, unaanza na utambulisho wa pale, ndipo upande wilayani. Na tunajua ofisi hizo ziko mikononi mwa nani. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vijiji. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, na huyo huyo anaingia kwenye kamati ya siasa ya chama tawala ya wilaya. Kwa hiyo kijana wa upinzani anayetaka kujitolea JKT anatembea toka mlango wa kwanza hadi wa mwisho katika nyumba ya mtu mmoja.

Sisemi kila mwenyekiti wa mtaa ni mbaya. Yupo mzee namfahamu, kada wa chama tawala kindakindaki, ukienda anakugongea muhuri, anakuuliza mama yako hajambo, basi. Lakini pia nilishafika ofisi moja, sitaitaja, nikamwamkia mhusika shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniangalia kichwani: "Wewe si ndiye yule wa kofia nyekundu kwenye mkutano? Njoo wiki ijayo." Wiki ijayo mhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye funguo kasafiri. Makamanda, mnajua ninachosema. Haki inayotegemea wema wa mtu mmoja haijawa haki bado. Hiyo ni bahati.

Na hili la chama kwenye mlango wa jeshi halikuanza jana. Tulikumbuke bila kuficha.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Madai yao makubwa yalikuwa mawili: mshahara, na maafisa wa Kiingereza waondoke, Waafrika wapewe vyeo. Kuasi ni kosa, na nchi iliyumba. Lakini tazama dai la pili lilivyo. Lilikuwa dai la masharti: nani ana sifa ya kuwa afisa. Miaka miwili na ushee baada ya uhuru, wengi wa maafisa wa jeshi letu bado walikuwa Waingereza. Serikali ilipolivunja jeshi lile, Mwalimu akawaita vijana wa TANU Youth League wakajiandikishe kwenye ofisi zao. Septemba 1 mwaka huo JWTZ ikazaliwa. Yaani mlango wa rangi ulifungwa, ukafunguliwa mlango wa kadi.

Wakati ule kulikuwa na sababu zake. Chama kikawa kimoja, jeshi likawa la chama, na wanajeshi wakawa wanachama. Lakini mwaka 1992 tuliamua kama nchi kwamba hilo limekwisha. Katiba ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, anabaki na haki yake ya kura. Vizuri sana. Nauliza swali jepesi: kama ukishaingia hutakiwi kuwa na chama, kwa nini kabla ya kuingia upitie kwa watu wa chama? Tumekisafisha chumba, kizingiti tumekiacha na tope.

Ibara ya 22 ya Katiba hiyo hiyo inasema kila raia anastahili fursa na haki sawa, kwa masharti ya usawa, katika kushika nafasi yoyote ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Haikusema "isipokuwa zile zenye sare". Rubani wa jeshi anasomeshwa kwa kodi ya mama ntilie wa Mchikichini na ya mmachinga wa Kongo. Kama mafuta ya ndege tunachangia wote, mlango wake haustahili kuwa wa baadhi.

Sasa najua hoja zinazokuja, na baadhi zina uzito. Tuzijibu kwa heshima.

Hoja ya kwanza: "JKT inafundisha nidhamu na uzalendo, hatuwezi kumkabidhi ndege ya mabilioni mtu ambaye hajapikwa." Nakubali kupikwa. Sikubali kwamba kupikwa lazima kutangulie kuchaguliwa. Mpime kijana kwanza: macho, moyo, hesabu, akili. Akifaulu, mpeleke JKT akapikwe hata mwaka mzima, akishindwa kule arudi nyumbani. Nidhamu mtaipata ile ile, jasho lile lile. Kitakachobadilika ni kwamba Fundi wa Aggrey atakuwa amepimwa. Leo tunawapika wachache halafu tunawatafuta marubani ndani ya sufuria hilo hilo tu.

Hoja ya pili: "Vijana ni wengi mno, jeshi haliwezi kupima kila mtu." Kweli, ni wengi. Lakini kuna namna ya kuchuja yenye haki na namna ya kuchuja ya kiujanja. Mtihani wa saa mbili wa hesabu na fizikia, siku moja, kila mkoa, kwenye shule za serikali, ungechuja maelfu kwa siku. Baraza la Mitihani linaendesha mitihani ya nchi nzima kila mwaka, uzoefu tunao. Kuchuja kwa mtihani kunakuachia wenye hesabu. Kuchuja kwa nauli, barua na bahati ya kuitwa kunakuachia wenye nauli, barua na bahati.

Hoja ya tatu ndiyo wanayoipenda zaidi: "Duniani kote jeshi huweka masharti yake, halihojiwi." Si kweli. Tuanzie kwa jirani.

Kenya jeshi lao linatangaza magazetini na kwenye mtandao: urefu usipungue mita 1.60, uzito usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke, na anayetaka kuwa afisa mwanafunzi awe na wastani wa B kwenye mtihani wa kidato cha nne. Maafisa wanafunzi wanaomba kwa mtandao. Askari wa kawaida wanapimwa kwenye vituo vilivyotawanywa nchi nzima, tarehe na mahali vikiwa vimeandikwa. Sisemi Kenya ni peponi. Huko nako matapeli na rushwa ya kuingia jeshini ni wimbo wa kila mwaka. Lakini kijana wa Garissa au wa Kwale anaweza kuchukua mizani na futi akajipima mwenyewe nyumbani kabla hajatoka. Akionewa, ana namba ya kushika mkononi. Fundi wangu akionewa anashika nini?

Twende mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko masharti yenyewe ya rubani yamehojiwa na yakabadilika. Mwaka 1925 chuo chao cha kivita kiliandika ripoti kwamba mtu mweusi hana akili wala moyo wa kazi ngumu za vita. Ripoti za aina hiyo zikatumika kuwafungia mlango wa urubani. Mwaka 1941, baada ya kelele za magazeti na vyama vya weusi, mlango ukafunguliwa kidogo pale Tuskegee, Alabama. Mpaka 1946 walikuwa wamehitimu marubani karibu 1,000, wakapigana Ulaya na kurudi na nishani. Kumbe tatizo halikuwa watu, lilikuwa mlango.

Na la karibuni zaidi. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na sharti la urefu kwa marubani: usipungue sentimita 163 hivi, usizidi 196. Unaweza kusema hilo ni sharti la kweli la chumba cha rubani, maana mguu lazima ufike kwenye pedali. Hata mimi ningelipitisha. Lakini walipolichunguza wakakuta linawatupa nje kiasi cha asilimia 44 ya wanawake wa nchi yao wenye umri wa miaka 20 hadi 29, na kwamba urefu wa kusimama haukuambii vizuri nani anaenea kwenye kiti. Mwaka 2020 wakaliondoa. Sasa wanapima mwili wa mtu mmoja mmoja, akiwa amekaa, dhidi ya ndege atakayorusha.

Makamanda, hapo ndipo penye somo langu lote. Sharti linaweza kuonekana la kitaalamu kabisa, lina namba na kila kitu, na bado likawa linaonea watu. Kitakacholigundua ni kitu kimoja: kulitangaza, kulihesabu linamtoa nani, na kuliuliza lina kazi gani. Kama sharti la urefu, lenye hoja yake, limelazimika kujieleza, sharti la barua ya mtendaji litajificha wapi?

Dada zetu pia wasikae kimya kwenye hili. Kila sikukuu ya kitaifa tunaonyeshwa gwaride, wanawake wakipiga hatua safi, na sisi tunapiga makofi. Waulizeni wakubwa: waliopimwa urubani mwaka huu ni wangapi, wanawake wangapi, walishindwa hatua ipi? Makofi hayajibu swali hilo. Namba ndizo zinazojibu.

Basi tunataka nini? Kulalamika peke yake si siasa, kwa hiyo naorodhesha.

Moja. Masharti ya rubani wa jeshi yatangazwe peke yake, yasizamishwe ndani ya tangazo la jumla. Macho kiasi gani, miwani inaruhusiwa au hairuhusiwi, urefu, uzito, masomo, umri. Na mbele ya kila sharti sababu yake iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Mbili. Cheti cha JKT kiwe hatua ya baada ya kuchaguliwa. Pima kwanza, pika baadaye.

Tatu. Maombi yapokelewe kwa mtandao na kwenye kila mkoa. Mtihani wa kwanza ufanyike mkoani.

Nne. Utambulisho uwe kitambulisho cha Taifa na taarifa ya polisi kuhusu makosa ya jinai, basi. Kiongozi wa mtaa wa chama chochote, hata chetu tukishinda kesho, asiwe na kalamu ya kumzuia mtoto wa mtu. Nasisitiza hata chetu. Sitaki tuurithi mlango huu tukageuza funguo tu.

Tano. Aliyekataliwa aambiwe ameshindwa hatua gani, na awe na mahali pa kukata rufaa. Kila mwaka namba zitolewe: walioomba, waliopimwa, waliopita, kwa mkoa na kwa jinsia. Kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi na usalama ina kazi hiyo hasa, na wabunge wake waulizwe majimboni kwao wamelifanya lini.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayomwambia adui idadi ya ndege zetu. Wala hakuna inayoshusha kiwango. Naomba hili lieleweke na wanajeshi wetu wanaotusoma kimyakimya, maana najua mpo: hatuwadharau. Mliofika hapo mmefika kwa jasho. Tunachotaka ni kwamba atakayekaa kiti cha pembeni yako angani awe ndiye bora aliyepatikana nchi nzima, na si bora kati ya waliobahatika kuwa na barua. Injini ikizimika, utamhitaji huyo wa kwanza.

Kwa makamanda wenzangu, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja wetu mtaani kwake ana Fundi wake. Mtafute. Muulize aliomba nini, alikwama hatua gani, aliambiwa nini na ofisi gani. Andika tarehe na hatua, jina lake liache. Leteni tuzipange kwa mikoa. Tukienda kwa mbunge, kwa waziri au mahakamani na malalamiko, watatuambia ni maneno ya vijiweni. Tukienda na orodha ya hatua walipokwama watu mia mbili, watalazimika kufungua kabati.

Funguo haijasafiri. Ipo.